Harusi ya Kiporo

Asubuhi baada ya harusi ya kijana wetu wa kwanza, ua wetu pale Mjimwema ulikuwa umechoka kuliko sisi wenyewe. Viti vya plastiki vilikuwa vimelala chali, turubai limelegea upande mmoja, na chini ya meza kuu kuku wa jirani walikuwa wanadonoa punje za wali kwa utulivu wa watu waliopewa kadi ya mwaliko. Nilisimama mlangoni na sweta juu ya khanga, maana mwezi wa saba baridi ya Songea haina heshima hata kwa mama wa bwana harusi, nikaanza kukagua kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa kingi mno, na kosa lilitokana na woga wetu. Katika mji huu mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini ukialika watu halafu chakula kikaisha kabla meza za nyuma hazijahudumiwa, habari hiyo itasimuliwa mpaka siku ya msiba wako. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya harusi, jirani yetu, mwalimu mstaafu, alipanga mchele wa kutosha kisha akaongeza kidogo wa tahadhari. Mke wake aliposikia akaongeza wa kwake kimyakimya. Na mimi, ambaye simwamini mtu likija suala la chungu, nikaongeza juu ya hapo bila kumwambia yeyote. Tungeweza kulisha kata nzima na wapita njia.

Wali uliopikwa haukunipa shida. Kwetu sahani ya kuazima hairudi tupu, na nilikuwa nimeazima sahani karibu kila nyumba ya mtaa. Kila moja ilikuwa na alama yake chini, huyu ametia rangi ya kucha, yule amekwaruza na msumari. Nilizigeuza moja moja kumtambua mwenyewe, nikapakua wali na nyama, nikafunika, nikawatuma wanangu wadogo wazirudishe. Jua lilipopata nguvu mtaa mzima ulikuwa unakula kiporo kwa chai, na kabati langu halikuwa tena na chombo cha mtu.

Vilivyokuwa stoo ndivyo vilivyonikalisha chini. Gunia la mchele ambalo halikuguswa, maharage, ndoo ya mafuta ya alizeti, kreti za soda zimepandana hadi karibu na dari, mfuko wa vitambaa vyeupe na maua ya plastiki. Kulikuwa na keki ya wazazi, ile ambayo maharusi huwakabidhi wazazi wao kwa madaha mbele ya kamera, halafu wazazi hawajui waifanye nini. Na nje, amefungwa kwenye mti wa mparachichi, kulikuwa na mbuzi dume mwenye ndevu na dharau. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja naye kutoka Mpitimbi akafika wakati nyama imeshaiva kwenye masufuria. Mbuzi akapona.

Nilikaa juu ya kreti ya soda nikavitazama vitu hivyo, na wazo likanijia. Nilicheka peke yangu.

Mimi na baba watoto hatukuwa na ndoa ya kanisani. Mahari ilitolewa, wazee wake walikuja nyumbani kwetu Maposeni, wakakaa, wakanywa pombe ya ugimbi, wakakubaliana na wazee wangu, nami nikasindikizwa kwa vigelegele. Ya kanisani ikasubiri mavuno. Mavuno yakaja na mtoto, mtoto akaja na mwenzake, wakaja na shule. Kila nikikumbusha, mume wangu alinijibu kwa upole wake uleule, "Tutafunga tukipata." Si kwamba alikataa. Alitaka ifanane na harusi, iwe na watu, wali na keki, asije mtu akasema amefunga ndoa na mwanamke wake kama anayekata tiketi ya basi. Tukazeeka tukingoja kufanana na harusi.

Na anayeishi hivyo, kwetu Wakatoliki, hakomuniki, haruhusiwi kupokea Mwili wa Kristo. Nilizoea, au nilidhani nimezoea. Siku ya harusi ya mwanangu nilikaa benchi la mbele, na sare yangu ya kitenge cha zambarau, mama wa bwana harusi, watu wote wananitazama. Ilipofika Komunyo, benchi lote likasimama. Mama wa bibi harusi akapita mbele yangu, dada zake wakapita, nami nikabana magoti pembeni ili nisiwazuie. Mwanangu na mkewe walikuwa wamepiga magoti kule mbele. Tulibaki sisi wawili kwenye benchi refu, mimi na baba yake, tunatazama viatu vyetu. Nimewahi kuaibika maishani, lakini aibu ile iliniuma kwa sababu ilikuwa imechanganyika na furaha, na sikujua machozi yangu yalikuwa ya ipi.

Basi nikatoka stoo nikamfuata mume wangu. Yeye ni seremala, na wakati ule alikuwa anabomoa jukwaa la maharusi alilolitengeneza kwa mikono yake, anang'oa misumari na kuinyoosha juu ya jiwe.

"Baba watoto," nikamwambia, "vitu vilivyobaki vinatosha harusi nyingine."

"Ya nani? Wa pili bado yuko sekondari."

"Yangu."

Akaacha kugonga. "Unataka kuolewa?"

"Nataka. Na wewe."

Alicheka kwanza. Alipoona mimi sicheki, akaweka nyundo chini. "Mama watoto, mwanangu ameoa jana. Leo mimi nioe kwa makombo yake? Watu watasema mzee amedandia harusi ya mtoto."

"Mchele ambao haujatoka kwenye gunia si makombo."

"Na kitubio je? Tangu ujana wangu sijaungama. Nitaanzia wapi? Padri atakosa chakula cha mchana."

"Ataletewa. Wali upo."

Akatikisa kichwa, akaokota nyundo, akalisema lile neno lake. "Tutafunga tukipata."

"Tumepata," nikamwambia. "Geuka nyuma uangalie stoo."

Hakugeuka. Aliendelea kunyoosha misumari, kila msumari kama ni kazi ya serikali. Mimi nina hasira za karibu, na nikikasirika huwa naosha vyombo. Siku ile niliosha sufuria kubwa ya kukodi ambayo ilikuwa safi tayari, nikaisugua kwa majivu mpaka mwenye nayo alipokuja kuichukua akauliza kama ni ile ile aliyotuletea.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nashindana na Jumamosi. Kila kamati ya harusi ina siku yake ya kuvunjwa. Wajumbe waliohangaika na vikao na michango hukutana mara ya mwisho, wanakula na kunywa kilichobaki, wanacheka makosa yao, wanaagana. Ni haki yao, wala si mimi wa kuwanyima. Lakini Jumamosi ile ikipita, mchele utakuwa umeliwa, soda zimenyweka, na mbuzi ameshuka tumboni mwa watu. Wifi yangu alikuwa amekataa kurudi Mpitimbi mpaka mbuzi wake achinjwe mbele ya macho yake. "Sikumleta kuja kuangalia mji," alisema.

Wiki ile nzima mume wangu alinikwepa kwa adabu. Nikiingia jikoni yeye anakumbuka mbao. Nami nilikuwa naenda stoo mara kwa mara kama mtu mwenye mgonjwa, naangalia gunia, nagusa kreti, naifunua keki, naifunika. Baridi ilitusaidia, na keki yenyewe ilikuwa ya matunda makavu isiyoharibika upesi, ilibaki kama ilivyotoka kwa mwokaji. Nilimwomba Mungu waziwazi. Nilimwambia, umenipa mchele, sasa nipe na mwanaume.

Jumamosi wajumbe wakaja. Walikaa uani kwenye viti vya kwetu na vya kuazima, wamevaa makoti, furaha tele. Kisu kilikuwa kimenolewa na maji yako motoni. Mume wangu alikaa karibu na mwenyekiti, na wifi yangu alikaa mahali ambapo angemwona mbuzi. Mwenyekiti akasimama, akashukuru kwa ile sauti yake ya darasani, akasema kwamba kwa kuwa kazi imekamilika, anaomba sasa kamati ivunjwe rasmi. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilikuwa nimeshika trei ya soda. Nikaiweka chini.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba kamati isivunjwe."

Watu wakadhani kuna pesa imepotea. Niliona mweka hazina ameshika mfuko wa shati. Nikasema haraka, kabla ujasiri haujaniishia, kwamba hakuna kilichopotea, kwamba wamefanya kazi nzuri kuliko kamati zote za Mjimwema, na kwamba stoo yangu ina harusi nzima ambayo haijaliwa. Nikasema, "Nimemuoza mwanangu kanisani na mimi mwenyewe sijafunga ndoa. Wiki iliyopita nyote mliniona nimebaki kwenye benchi. Nimechoka kubaki. Naomba hivi vitu vinisubiri matangazo ya ndoa ya Jumapili tatu kanisani, halafu mje mvile kwangu, mkiwa kamati ya harusi yangu na huyu bwana."

Maji tu ndiyo yalikuwa yanachemka. Sikuthubutu kumtazama mume wangu, lakini nilisikia kiti chake kinakwaruza chini. Alisimama, akapita katikati ya watu, akaenda nyuma ya nyumba kule kwenye mbao zake. Nilijua ndoa inataka watu wawili wenye hiari, na kwamba nikimwaibisha mbele za watu namna ile, naweza kupata mchele nikakosa mume.

Wifi yangu akainuka, akajifunga shuka lake vizuri, akamfuata. Alichomwambia tulikisikia sote, kwa sababu wifi yangu hajui kunong'ona.

"Mdogo wangu, huyu mwanamke amekupikia miaka yote hajakudai kitu. Leo amedai, tena amedai wewe. Utamjibu kwa mgongo?"

Sikusikia jibu lake.

"Watu watasema, watu watasema. Mimi ndiye watu. Nimetoka Mpitimbi na mbuzi. Nasema ukamwoe mke wako."

Kisha mume wangu akarudi, vumbi la mbao likiwa kwenye kiwiko, akasimama mbele ya mwenyekiti kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mwenyekiti," akasema, "mbuzi asichinjwe leo."

Nadhani vigelegele vile vilisikika mpaka barabara kuu. Mke wa mwenyekiti alinikumbatia akanipaka unga wa maandazi mgongoni. Mweka hazina peke yake ndiye aliyelalamika, akasema yeye alikuja na njaa kwa makusudi, basi tukamkaangia mayai. Kamati ikanywa chai ya rangi na maandazi, ikapanga kikao kingine, na wajumbe wakaondoka wanacheka njia nzima. Baba watoto alibaki anakusanya vikombe. Alipofika kwangu akasema, bila kunitazama, "Ungeniambia utasimama, ningevaa shati zuri."

Zile Jumapili tatu zilikuwa ndefu na tamu. Mara ya kwanza majina yetu yalipotangazwa kanisani, pamoja na ya vijana na mabinti, nilisikia minong'ono imepita kwenye mabenchi, na bibi mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti kwani sisi tulikuwa tumeachana lini. Paroko alitutuma kwenye mafundisho ya ndoa kama wachumba wote. Tukakaa kwenye viti vidogo vya watoto wa Utoto Mtakatifu, katikati ya vijana walioshikana mikono, tukafundishwa na katekista jinsi ya kumvumilia mwenzako tabia zake utakapozigundua. Mume wangu akaniangalia. Nikamwambia nimeshazigundua zote, hajabakiza hata moja. Darasa likacheka, katekista naye akashindwa kuendelea.

Sokoni wakaipa jina, harusi ya kiporo. Muuza nyanya mmoja akanitania, "Mama, tumesikia unapasha kiporo." Nikamwambia aje na sahani yake. Sikuona ubaya wowote. Kiporo cha wali asubuhi ya baridi, kimepashwa kwa mafuta kidogo na kitunguu, nani hakipendi? Mimi mwenyewe huwa napika wali mwingi jioni kwa ajili hiyo tu.

Kazi kubwa ilikuwa kuvilinda vile vitu. Ndugu waliokuja harusini hawakuwa wote wameondoka, na soda zina tabia ya kupungua zenyewe. Wifi yangu akajiteua kuwa mlinzi. Aliweka kiti chake mlangoni mwa stoo, anafuma vitambaa, na kila mtoto aliyekaribia alipewa kazi ya kuchota maji. Hatari ilitokea upande ambao hatukuutazama. Siku moja nilianika vitambaa vyeupe uani viote jua, na mbuzi akakata kamba. Tulipomkuta alikuwa amekula utepe wote wa satini na nusu ya maua, na ua moja jeupe lilikuwa limening'inia mdomoni. Wifi yangu alimtazama mbuzi wake kwa fahari. "Huyu ameshajipamba," akasema, "sasa mnaweza kumchinja."

Siku ya kitubio nilimaliza mapema, maana mimi dhambi zangu nyingi ni za mdomo na nilizipanga kwa aina. Baba watoto aliingia baada yangu. Nilimngoja nje ya kanisa kwenye ngazi, jua likanizunguka, nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba labda amepitia mlango mwingine akarudi zake kwao Mpitimbi. Alipotoka uso wake ulikuwa mwepesi, macho mekundu. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Padri amesema nilikuwa naogopa bure." Tukaenda nyumbani kwa miguu, na njiani alipiga mluzi, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu watoto wakiwa wadogo.

Nisimulie ya uani kwanza, ya kanisani nayaweka mwisho kwa sababu ndiyo ninayoyapenda zaidi. Tuliwapikia watu wote wa kamati na majirani, na mbuzi alikuwa mgumu kama tabia yake, lakini aliliwa mpaka mifupa. Keki ya wazazi tulikatiwa sisi wenyewe, na mwanangu na mkwe wangu ndio waliotulisha vipande vya kwanza, mkwe wangu anaangalia pembeni kwa aibu. Nilivaa sare yangu ileile ya zambarau. Kila kitu kilikuwa cha harusi iliyopita isipokuwa pete. Pete mume wangu alizinunua mwenyewe mjini, hakuniaga wala hakuniuliza kipimo, na yangu ikanitosha sawasawa. Mwenyekiti alipotaka sasa kuivunja kamati, mweka hazina akasimama akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajala.

Kanisani tulipangiwa Misa ya mapema, umande haujakauka. Hatukuwa na gari lenye maua wala matarumbeta. Tulienda kwa miguu na watu wetu, wasimamizi wetu wakiwa mwenyekiti na mkewe, na kwaya ilikuwa ya wale waliowahi kuamka. Nilidhani nitalia kwenye kiapo, lakini nilikuwa na shughuli ya kumsikiliza mume wangu, ambaye kwa maisha yake yote huongea chini chini, akisema maneno yale kwa sauti iliyofika mlangoni. Kisha pete, kisha sala, kisha padri akashuka na Komunyo na kuja kwetu kabla ya watu wote.

Nilipokea. Sitaeleza sana, kwa sababu mwenye kujua anajua, na asiyejua ataona naongeza chumvi. Nilisikia mwili wangu umetulia, kama mtu aliyesafiri siku nyingi akavua viatu. Mume wangu naye akapokea, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka msimamizi wake akamgusa begani.

Tukageuka kurudi kwenye viti vyetu. Ni mwendo mfupi, kanisa letu si kubwa. Katikati ya njia baba watoto akasimama. Nikadhani amejikwaa, nikamshika mkono. Aliangalia benchi letu la mbele, kisha akageuka akaangalia altare tulikotoka, kisha akaliangalia tena benchi, na machozi yalikuwa yanamtoka mwanaume yule ambaye hakulia hata alipomzika baba yake. Akaniinamia sikioni.

"Mama watoto," akasema, "kumbe ni karibu hivi."

Nikamwambia ndiyo, ni karibu. Tukasimama palepale kidogo, tumeshikana, watu wanatupita wakienda kukomunika.